Wakili Ni Mliyezika Naye

"Wakili ni mliyezika naye." Neno hilo mmelisikia kwa Mama Mbelwa asubuhi, mkacheka, sasa mnaniuliza lilikotoka. Haya, kaeni. Wewe Hoza, acha kutikisa huo mguu, unanikumbusha Namkunda mwenyewe.

Namkunda alikuwa akifunga mabunda ya katani katika shamba la mkonge la hapa kwetu. Kosa lake lilikuwa kuuliza glavu zitakuja lini. Wiki haikwisha, meneja akamwachisha kazi, eti tarehe tisa alikuwa mtoro. Na kazi ikiondoka, chumba cha kambini nacho kinaondoka. Humo ndimo alimolala mama yake, amepooza upande mmoja. Jamani, mtu angetulia vipi? Akipika anaunguza, akiketi anainuka. Na huku anaambiwa muda wa kulalamika unakwisha.

Watu wakamwambia, "Nenda mjini, huko kuna mawakili wa suti." Akaenda. Yule wakili alimsikiliza huku akipokea simu, kisha akasema, "Mama, umeshaandikwa mtoro. Omba radhi tu." Namkunda alirudi akilia njia nzima, tena kwa hasira.

Hapa kwetu alikuwapo Wakili Shemndolwa. Ofisi yake ilipakana na mashine ya kusaga, koti lake unga mtupu. Namkunda alikuwa amempita mara ngapi! Nani amwajiri wakili anayenuka pumba? Safari hii aliingia kwa kukosa pa kwenda. Shemndolwa akamtajia ada yake bila kuzungusha maneno, wakaandikiana, ndipo akauliza:

"Tarehe tisa ya mwezi uliopita? Si siku tuliyomzika Mzee Kaniki?"

Namkunda akashika kichwa. Kwetu nani hukumbuka mazishi kwa tarehe? Kambini akifa mtu, mashine huzimwa mpaka marehemu apumzishwe, na wote tunakwenda makaburini. Meneja naye alikuwa ameokota tarehe yoyote tu, hakukumbuka.

Siku ya shauri, mbele ya mwamuzi wa migogoro ya kazi, Namkunda hakuweza kukaa, alisimama akisokota ncha ya kanga. Shemndolwa akaanza.

"Bwana meneja, tarehe tisa ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini? Si ndiyo siku tuliyomzika Mzee Kaniki? Wewe ndiye uliyetoa salamu za kampuni. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeshika koleo."

Meneja akatazama dari. "Ndiyo. Nilikuwa msibani."

"Na tulipomaliza kuzika, nani alikumiminia maji ya kunawa?"

Mwamuzi akamhimiza meneja ajibu.

"Yeye," akasema, akimwonyesha Namkunda kwa kidevu.

Namkunda akarudishwa kazini. Jioni alifika chumbani kwao, akaketi kando ya kitanda cha mama yake, na safari hii hakuinuka.

"Basi tumshukuru huyo wakili wa mjini," mama yake akasema.

"Wa mjini wapi, mama!" Namkunda akajibu. "Wakili ni mliyezika naye."