Bunduki Aliyoiacha Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, wakipika vyakula vyao na kuzika wafu wao kama sisi, Fisi alianza kuvizia watoto wa kijiji. Akamchukua wa Swala. Akamchukua wa Pundamilia. Wazee wakakutana, wakasema, "Atakayemuua Fisi, chemchemi ya kijiji ni yake na wajukuu wake."

Kila mtu alijua atakuwa Nyati. Alikuwa na bunduki ndogo, nyembamba, risasi zake kama kidole cha mtoto. Aliipenda. Ilimkaa begani vizuri, na akilenga kibuyu ng'ambo ya shamba, pwaa! Vipande.

Sasa Pimbi, yule mdogo akaaye mawe­ni, aliitamani chemchemi ile. Lakini bunduki hana.

Akamkuta Nyati kwa mhunzi Nungunungu, akipaka mtutu wake mafuta. Ukutani palikuwa na bunduki nyingine, nene kama mchi, mdomo wake waingia ngumi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Pimbi."

"Lo! Utamwinda Fisi kwa hiyo? Nilidhani ni ya binti yako Sikudhani, ya kuchezea."

"Hii ndiyo niipendayo."

"Najua, Mjomba. Ila watu wanasema... aa, mimi simo."

"Wanasema nini?"

"Wanasema, mwili wa Nyati, bunduki ya panya! Hi hi hi!"

Nyati akainua macho ukutani.

"Ile inapiga teke," Nungunungu akaonya. "Kila bega na bunduki yake, bwana."

"Teke limtishe Nyati?" akadakia Pimbi. "Labda mimi!"

Nyati akaiangua ile nene. Ile nyembamba akamtupia Pimbi. "Chukua, ukaulie panzi."

"Ahsante, Mjomba." Pimbi akaipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani kwa Nyati, mkewe Siwema alishtuka. "Baba Sikudhani, ile umeizoea. Hii utaijua lini?"

"Unataka nichekwe?"

"Wanaocheka hawana mtoto humu ndani."

Nyati akaanza kuipaka mafuta ile nene.

Asubuhi Sikudhani alikwenda kuchota maji. Baba yake alikuwa amejificha karibu na njia akimvizia Fisi, bunduki begani. Kichaka kikatikisika: chaka, chaka. Fisi huyo! Nyati akalenga, akafyatua.

GBUUUM!

Teke likamwangusha chali, puu! Risasi ikapasua mti. Moshi ukatanda, Nyati asione kitu. Akasikia tu, "Baba!" Mara moja.

Kisha juu ya mwamba: ta!

Moshi ulipotawanyika, Fisi alikuwa amelala, tundu dogo kichwani. Pimbi alisimama juu ya jiwe, ile bunduki nyembamba mkononi. Watu walipokimbilia na kuyapanua mataya ya Fisi, Sikudhani hakuwa na pumzi tena.

Wazee walitimiza neno lao. Siwema alipokwenda kuchota maji ya kumwoshea mwanawe, alimkuta Pimbi ameketi pale chemchemini, bunduki magotini.

"Chota, Mama Sikudhani," akasema. "Leo nimekuruhusu."

Siwema alichota. Machozi yake yalidondokea ndani ya mtungi.

Baadaye Nyati alimwendea Pimbi, mkono umening'inia, bega limevimba kama mzinga wa nyuki.

"Umenidanganya, Pimbi."

"Nilikupora, Mjomba? Si uliitoa kwa mkono wako mwenyewe?"

Nyati aligeuka. Akarudi kwake polepole. Kwa bega lile hakuweza hata kushika jembe. Kaburi la mwanawe lilichimbwa na Nungunungu.

Basi wanangu, anayechagua silaha kwa kuogopa kicheko cha watu, kilio hulia peke yake.