Nakijwa na Maji ya Siku ya Sita

Maji ya haraka hunywewa na mfereji. Msemo huu haukutoka mbali. Ulizaliwa hapa hapa Ikoroma, katika milima yetu ya Upare, na ulizaliwa kwa sababu ya mwanamke aliyemzaa bibi yangu.

Leo asubuhi nilimwambia mjukuu wangu Kiondo maneno hayo, naye akanitazama kama mtu aliyetegewa kitendawili asichokijua. Amerudi kutoka Same na begi lake zima. Ana miezi mitatu tu katika chuo cha useremala, na anasema miaka miwili ni mingi mno kwa kujifunza kutengeneza kiti. Kwenye simu yake amemwona mtu aliyejifunza kwa wiki moja na sasa anauza makabati. Nilimuuliza kama amewahi kukalia kiti cha mtu huyo, akainamia simu yake. Dada yake Namsifu, ambaye nilikuwa ninapukuchua naye mahindi, ndiye aliyeuliza, "Bibi, mfereji unakunywaje maji?"

Basi weka begi chini, Kiondo, ukae. Ninyi watoto wa kubofya mngependa hadithi ianzie mwisho, lakini mimi nitaanzia ilikoanzia.

Zamani hizo hapakuwa na bomba wala barabara ya gari. Kulikuwa na ndiva. Mgeni akiiona ndiva anaona bwawa tu, lakini wazee wetu waliijenga kwa mikono, jiwe juu ya jiwe, wakaishindilia udongo wa mfinyanzi hadi ikashika maji. Chemchemi ya mlimani huingia ndani yake polepole. Chini ya ukuta kuna tundu, na tundu hilo huzibwa kwa mti mrefu uliochongwa ncha, ambao kichwa chake hubaki juu ya maji. Tunauita kizibo. Ndiva ikijaa, mlinzi huchomoa kizibo, na maji huteremka kwa mfereji hadi mashambani. Mwendo wenyewe ni mrefu, katika mteremko wa mawe na udongo mwekundu, kabla hujalikuta hata shamba la kwanza.

Mlinzi wa siku hizo alikuwa Senkondo, mume wa Nakijwa. Aliugua, na alipoona hatapona aliwaita wazee akawaambia kizibo abaki nacho mkewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipanda naye ndivani kila siku kwa miaka kumi na minane. Wazee hawakupenda. Mdogo wake Senkondo, jina lake Sefue, alikuwa mzima, mwenye nguvu na maneno mengi, na kila mtu alijua urithi huo ni wake. Lakini kauli ya mtu anayekufa haivunjwi ovyo. Mzee Mbonea, mkuu wa ukoo, akatafuta njia ya katikati: Nakijwa atashika kizibo mpaka mavuno, kisha ukoo utakaa tena.

Mwaka huo vuli ilinyesha majuma mawili ikakata. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani na yalitaka kutoa mbelewele, wakati ambao yakikosa maji hayaweki punje. Chemchemi ilikonda hadi unene wa kifundo cha mkono. Ndiva iliyokuwa ikijaa kati ya jioni na asubuhi, Nakijwa alipoipima kwa fimbo alikuta sasa inahitaji siku tano, labda zaidi. Na chakula cha Ikoroma nzima kilikuwa pale shambani. Maghala yalikuwa yameshafagiliwa.

Siku ya pili tu ya kungoja ijae, watu walimfuata. Sefue alikuwa mbele.

"Shemeji, fungua," alisema. "Majani yanajikunja."

"Haijafika nusu, shemeji yangu. Subirini."

"Nusu ya maji si maji?"

Mzee Mbonea naye akasema afungue, watu wamechoka kungoja. Nakijwa alikuwa na miezi miwili tu katika kazi ile, na neno la mkuu wa ukoo lilikuwa zito kwake. Akachomoa kizibo. Mpaka anakufa alikuwa akisema kwamba hilo ndilo kosa lake, si la Sefue, kwa sababu yeye alijua na wenzake hawakujua.

Maji yalitoka. Watu walishangilia, wakateremka nayo kando ya mfereji wakiwa na majembe begani, wanawake wakipiga vigelegele. Lakini mfereji ulikuwa umekaa mkavu muda mrefu, umepasukapasuka kila mahali, na maji yale hayakuwa na nguvu ya kuupita. Kila ufa ulitaka chake. Walipofika kwenye mawe makubwa maji yalikuwa yanatembea. Walipofika kwenye kona ya chini yalikuwa yanatambaa, yamekuwa tope. Kisha wakayaona yakisimama, hatua kama mia moja hivi juu ya shamba la kwanza, na wakiwa bado wanayatazama yakadidimia ardhini. Hakuna aliyepata hata tone. Vigelegele viliisha, na watu wakapanda kurudi kila mmoja kivyake.

Nakijwa alikizamisha kizibo tena jioni ile ile. Wazee wakakagua mahindi, wakakubaliana kwamba yatavumilia siku saba, si zaidi. Kwa hiyo palikuwa na nafasi ya kuijaza ndiva mara moja tu. Akikosea tena, Ikoroma italala njaa, na mwanamke hatapewa kizibo tena katika milima hii.

Kesho yake aliwaita vijana na Sefue pia. Aliwaambia kusubiri si kukaa. Wachimbe udongo wa mfinyanzi bondeni, waukande, wausiribe mfereji kutoka juu hadi chini, kila ufa. Walinung'unika, lakini walifanya, maana kukaa nyumbani ukiyatazama mahindi yako yakinyauka ni kazi ngumu kuliko kukanda udongo. Yeye mwenyewe alihamia ndivani. Alikaa juu ya ukuta na mkono wake juu ya kichwa cha kizibo, na chakula alipelekewa huko huko. Siku moja mkaza mwanawe alikuja na kibuyu akaomba maji kidogo ya miche ya maboga nyuma ya nyumba. Nakijwa akamwambia arudi na kibuyu chake kitupu. "Nikikupa wewe," alisema, "jirani ataleta mtungi, na mwenye mtungi ataleta pipa."

Siku ya tatu Sefue alipanda na wanaume kumi na watatu. Mikono yao ilikuwa bado na udongo.

"Shemeji, mfereji umekamilika," alisema. "Sasa hauna ufa. Fungua."

"Umekamilika, na ahsanteni. Ndiva bado."

"Unajua watu wanasema nini? Wanasema unaringa. Umepata kizibo, sasa unataka tukupigie magoti."

Nakijwa alimwonyesha jiwe jeupe lililo ndani ya ukuta, ambalo waliojenga ndiva waliliweka kuwa alama ya kujaa. Maji yalikuwa chini yake kwa kimo cha mtoto wa miaka mitano.

"Shamba la mwisho kule chini ni la nani?" aliuliza.

"Lako," Sefue akajibu.

"Mahindi ya nani yatakufa kwanza nikichelewa?"

Sefue akageuka kutazama mashamba kule chini.

"Maji yakifika kwangu, yamekwisha kufika kwenu wote. Mimi sina njia ya kuwaacha ninyi na kujiokoa. Mkitaka kunitoa hapa nitoeni, ninyi ni kumi na wanne na mimi ni mmoja. Lakini safari hii sifungui kwa sauti ya mtu. Nafungua jiwe likilowa."

Wengine walitaka kumwondoa kwa nguvu, na mmoja alishapandisha mguu ukutani. Sefue ndiye aliyemvuta shati. Hakumwamini shemeji yake, alikuja kusema hivyo mwenyewe, ila aliona aibu kumshika mke wa kaka yake mbele ya watu. Wakashuka.

Siku ya tano maji yalikuwa yamebakiza kiganja kimoja kulifikia jiwe. Mzee Mbonea alipanda mwenyewe na fimbo yake, akahema, akakaa karibu naye.

"Mwanangu, kiganja ni kitu gani?" alimwambia. "Mimi nimeona njaa mbili katika maisha yangu. Naomba nisione ya tatu."

"Baba, mara ya kwanza nilikutii," Nakijwa alijibu. "Kwa heshima yako yote, leo naomba unitii wewe mpaka kesho."

Mkuu wa ukoo alikuwa hajawahi kuambiwa neno kama hilo na mwanamke aliyeolewa katika ukoo wake. Alishika fimbo yake kama anayetaka kuinuka. Kisha akaomba apewe mahali pa kuegemea, akabaki pale pale ndivani hadi giza lilipomfukuza.

Siku ya sita, jua likiwa limepita utosini, jiwe jeupe lililowa. Nakijwa hakuita mtu. Alisimama, akashika kizibo kwa mikono yote miwili, akakichomoa.

Wale waliokuwa nyumbani walisikia mngurumo kabla hawajaona kitu. Walitoka mbio. Safari hii hawakuweza kutembea na maji, iliwabidi kuyakimbiza. Yalipita kwenye mawe makubwa bila kupunguza mwendo. Mbele kidogo ya kona ya chini, pale yalipofia mara ya kwanza, maji yalipita kama hayakuwahi kupajua. Yakaingia shamba la kwanza, mwenyewe akanywesha, akaziba, akayapitisha. Shamba la pili. La tatu. La Sefue, ambalo lilikuwa la sita. Jua lilipokuwa linaelekea nyuma ya mlima, maji yaliingia kwenye shamba la mwisho, na yalikuwa bado yanafika kwenye vifundo vya miguu. Nakijwa alikuwa ameshuka kutoka ndivani. Alisimama katikati ya mistari yake ya mahindi na kulia, bila kujificha, na wanawake wenzake wakasimama naye ndani ya maji.

Mistari miwili ya pembeni ya shamba lake ilikuwa imeshakauka, haikuamka tena. Iliyobaki ilizaa. Ikoroma ilivuna mwaka ule, na vijiji vya jirani vilikuja kuomba mbegu kwetu. Nasema haya nikiwa nimevimba kichwa, na sioni aibu yoyote, kwa kuwa damu ya mwanamke yule ndiyo iliyo mwilini mwangu na mwenu.

Baada ya mavuno ukoo ulikaa, kama ilivyokuwa imeagizwa. Nakijwa alikileta kizibo mwenyewe, akakilaza mbele ya Mzee Mbonea, akarudi kukaa na wanawake. Ahadi ni ahadi. Mzee Mbonea akamwita Sefue, mrithi kwa desturi, akamkabidhi.

Sefue alikiinua begani. Watu walingoja atoe shukrani, maana maneno hayakuwa yanampungukia. Badala yake alipita katikati yao akiwa na mti ule mzito, akatoka uani, akashika njia ya kwenda kwa Nakijwa, na ukoo mzima ukainuka kumfuata kuona anafanya nini. Alipofika akakisimamisha kizibo kando ya mlango wa shemeji yake, akafuta mikono.

"Sefue," Mzee Mbonea akamwita, "kitu ulichokililia tangu kaka yako alipofariki, unakirudisha mwenyewe?"

"Mzee wangu, mimi ningefungua siku ya tatu," Sefue alijibu. "Tena ningefungua na kifua mbele, na ninyi mngenishangilia, na leo watoto wetu wangekuwa wanakula mizizi. Kizibo kikae kwa anayeweza kungoja. Maji ya haraka hunywewa na mfereji."