Deraya ya Kisaka na Mishale ya Mtani Wake

Niwape, nisiwape?

Mmesema niwape. Basi sogeeni. Wewe Nasero, ondoa mguu mgongoni kwa mwenzako, kisa hiki hakisikilizwi kwa miguu.

Kale, kale ile ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia tu, chuma kilipokuwa kigeni na bunduki haijaotwa hata ndotoni, palikuwa na watu wa mlimani na watu wa bondeni. Watu wa mlimani walifua chuma. Watu wa bondeni waliwinda kwa upinde. Na kati yao palikuwa na utani.

Utani mnaujua? Mtani akikutukana, hukasiriki. Mtani akiingia kwako akambeba jogoo wako, unamtazama akienda. Na siku ukifa, mtani ndiye anayekuzika, na anakuzika huku akikucheka, ili waliobaki wapate mahali pa kupumulia.

Mlimani alikuwako mhunzi aitwaye Kisaka. Alikuwa hodari, na alikuwa mnene. Kwamba ni hodari alijua. Kwamba ni mnene aliambiwa kila siku na mtani wake Mbonea, mpiga mishale wa bondeni, lakini hakuamini.

Mwaka mmoja, wavamizi walitokea nyikani. Walikuja na pinde ndefu, wakasimama mbali, wakapiga. Ngao za ngozi zilitoboka kama majani ya mgomba. Ndipo Mfumwa, hivyo ndivyo walivyomwita mtawala wao, akamwita Kisaka.

"Kisaka, ngozi imetushinda. Waweza kumvika mtu chuma?"

"Mfumwa, naweza kumvika mtu chuma akalala nacho usingizi."

"Sitaki alale. Nataka arudi."

"Atarudi, Mfumwa."

Akaenda akafua. Akafua, akafua, akafua. Alitengeneza deraya, vazi la chuma la kufunika kifua na tumbo. Hakulifanya bapa kama mlango. Alilitunisha kama kifua cha kuku, ili mshale ukigonga uteleze usipate pa kushika. Alikuwa amefikiri vizuri, wala msicheke. Mshale unaopiga ukuta ulionyooka hutumia nguvu zake zote pale pale. Ukipiga mviringo, nguvu nyingi hupita pembeni. Kisaka alilijua hilo kabla ya watu wengi.

Kisha akaisugua deraya kwa mchanga na mafuta mpaka akajiona ndani yake. Akajitazama sana.

Akaitundika kwenye nguzo, akawaita vijana wapige. Mishale kumi na miwili ilipigwa siku ile. Hakuna hata mmoja uliotoboa. Iligonga kifuani, ikateleza, ikaruka juu ya nguzo, ikaangukia vichakani.

"Mmeona?" akasema Kisaka. "Mmeona inavyopita juu?"

Wote wakaona. Wote wakashangilia.

Sasa nawauliza ninyi. Nguzo ina nini juu ya kifua?

Nasero anasema haina kitu. Vizuri. Na mtu ana nini?

Ehe. Nyamazeni basi, msimwambie Kisaka, bado hajajua.

Aliyejua ni mkewe, Namkunda. Kazi yake siku ile ilikuwa kuokota mishale. Alipomaliza kuokota aliisogelea nguzo, akapitisha kidole juu ya chuma. Kila mshale ulikuwa umeacha mkwaruzo. Kila mkwaruzo ulianzia kifuani, na kila mkwaruzo uliishia ukingoni juu, pale shingo inapotokea. Bibi yenu alikuwa akisema mikwaruzo ilikuwa kumi na mmoja, kwa sababu mshale mmoja ulikosa kabisa. Mimi nilikuwa nikisema kumi na miwili. Semeni kumi na mmoja.

Jioni Namkunda akamwambia mumewe, "Baba Nakiete, umetengeneza mfereji."

"Mfereji gani?"

"Wa kupeleka mishale kooni. Njoo uone mikwaruzo."

Wakaenda. Lakini deraya ilikuwa inang'aa tupu, maana Kisaka alikuwa ameshaisugua tena.

"Mikwaruzo iko wapi?" akauliza Kisaka.

"Umeifuta. Unafuta jibu kabla hujalisoma."

"Mama Nakiete, chuma hakijatoboka."

"Chuma hakijatoboka. Ninayemwogopea si chuma. Weka ukingo hapa juu, uinuke vidole viwili, mshale ukifika ukwame."

"Ukingo!" Kisaka akacheka. "Niweke ukingo kwenye kazi kama hii? Itafanana na chungu kilichopasuka kikaungwa."

"Ifanane."

"Na watu watasema Kisaka amezeeka."

"Waseme. Utakuwepo kuwasikia."

Hakukubali. Watoto wangu, mtu anayesifiwa na mlima mzima husikia kwa shida sauti inayotoka jikoni kwake.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana hapo ndipo penye hatari. Aliyefua ndiye aliyevaa. Siku ya kujaribu, fundi alisimama mwenyewe ndani ya kazi yake, na mtani wake akampiga mishale mitatu: wa kwanza kwa hatua sitini, wa pili kwa hatua arobaini, wa tatu kwa hatua ishirini. Mtani, kwa sababu adui angepiga kwa chuki, na ndugu angekosesha kwa makusudi. Na mtani naye akionekana kukosesha, Mfumwa alimwita mpigaji mwingine asiye mtani wa mtu yeyote. Kwa hiyo Mbonea ilikuwa lazima apige, na ilikuwa lazima apate.

Mchana wa siku iliyotangulia, Namkunda akateremka bondeni. Akamkuta Mbonea ameketi anafunga manyoya kwenye mishale.

"Ah, shemeji!" akasema Mbonea. "Mbona una haraka? Subiri hadi kesho, mtu bado yu hai. Nitakuoa, lakini kwanza nipumzike na kazi ya kuchimba. Lile kaburi litahitaji watu wanane, na wawili kati yao kwa ajili ya tumbo peke yake."

"Mbonea, nataka abaki hai."

Mbonea akaendelea kufunga unyoya. "Kwani nani kasema afe? Chuma chake kizuri."

Namkunda akachukua mshale mmoja, akauweka ncha kwenye kifua chake mwenyewe, akausukuma taratibu juu, juu, mpaka ncha ikafika kooni.

Mbonea akaacha kufunga manyoya. Akautazama ule mshale.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasema?"

"Akasema ukingo utaifanya ifanane na chungu."

"Huyo ndiye yeye," akasema Mbonea. "Mimi nikimwambia atasema naogopa kumpiga. Nikikosesha wataleta mtu mwingine. Sasa nifanye nini, shemeji?"

"Wewe ni mtani. Unayo ruhusa ya kuchukua."

Mbonea akafikiri. Kisha akaanza kucheka, na alipocheka hivyo mbwa wake wote waliamka.

Kesho yake watu walijaa uwanjani. Mfumwa aliketi kwenye kigoda. Kisaka akaja na deraya yake mikononi, na mwilini amevaa vazi la pamba lililoshonwa tabaka kwa tabaka, kwa sababu chuma kisipotoboka bado kinagonga mbavu. Hilo nalo alikuwa amelifikiri vizuri. Nasema haki yake.

Kabla hajaivaa, Mbonea akamfikia, akamnyang'anya deraya.

"Nimeichukua kwa utani! Sasa ni yangu."

Watu wakacheka. Kisaka akapiga kelele, "Irudishe, mla panya wee!"

"Nitairudisha nikishairidhia. Mnene kama wewe huchukua muda kuvaa, na mimi mkono wangu unapoa."

Akaipeleka kwenye nguzo moja pale uwanjani, akaifunga. Akatoa kipande cha mgomba chenye unene wa shingo ya mtu, akakisimamisha juu. Juu ya mgomba akaweka kibuyu kikubwa, na kwenye kibuyu akachora kwa mkaa macho mawili na mdomo mpana unaojisifu. Hakuna aliyeuliza ni nani. Hata Mfumwa aliweka mkono mdomoni.

Mbonea akahesabu hatua sitini. Akavuta. Akaachia.

Mshale uligonga kifua cha chuma katikati kabisa. Tiing! Haukutoboa. Ukateleza juu, kama maji yanavyoteleza, lakini kwa kwenda kusikotakiwa, ukaingia katika ule mgomba na kutokea nyuma. Utomvu ukashuka juu ya deraya iliyosuguliwa. Kibuyu kikainama upande mmoja, kikaanguka.

Kicheko kikakatika.

Kisaka hakusogea. Mkono wake ulipanda wenyewe, ukamshika kooni. Akamtafuta mkewe kwa macho. Namkunda alikuwa amesimama mbele ya watu wote, naye hakuwa anacheka, wala hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Vidole viwili?" akauliza Kisaka.

"Viwili vyatosha," akasema Namkunda. "Lakini ukunje kama paa, usisimame wima, utakatika."

"Mfumwa," akasema Kisaka, "naomba muda mpaka jua lifike utosini."

Akapewa. Moto ukawashwa pale pale mbele ya macho ya watu. Kisaka alishika nyundo, Namkunda akashika mivukuto. Yeye akivuta pumzi, moto unavuta pumzi. Kisaka akakunja kipande cha chuma kama paa, akakipigilia misumari chini kidogo ya shingo, kutoka bega hadi bega. Hakukisugua, muda haukuwepo. Kikabaki cheusi, kina alama za nyundo.

Mbonea akaja kuangalia. "Kweli kinafanana na chungu," akasema.

"Rudi kwenye hatua zako," akasema Kisaka. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Akavaa, akasimama. Hapa msidanganyike, watoto wangu: chuma kile hakikufunika uso, hakikufunika kwapa, hakikufunika mapaja. Mtu ndani ya deraya bado ni mtu. Kilichokuwa kati ya Kisaka na kifo ni mviringo wa chuma, tabaka za pamba, ukingo wa vidole viwili, na mkono wa rafiki usiotakiwa kutetemeka.

Hatua sitini. Mshale ukagonga, ukateleza juu, ukakutana na ukingo, ukarukia pembeni.

Hatua arobaini. Mshale ukagonga, ukateleza juu, ukakutana na ukingo, ncha ikavunjika.

Hatua ishirini. Mbonea alivuta. Akaachia. Mshale ukagonga chini kidogo ya ukingo, kwa nguvu iliyosikika hadi nyuma ya umati, na Kisaka akaenda chini chali.

Watu wakakimbilia mbele.

Namkunda alifika wa kwanza. Akapitisha vidole chini ya ukingo, akagusa shingo. Ilikuwa kavu. Akagusa tena. Ilikuwa na joto, na mshipa ulikuwa unapiga.

Mbonea akaja anakimbia, ametupa upinde. "Kisaka! Kisaka, mtani wangu, nijibu, usiniletee mchezo!"

Kisaka akafungua jicho moja.

"Mbonea," akasema polepole, "unapiga mshale kama mwali anayejifunza kutwanga."

Mbonea akaketi chini mavumbini. Akafuta uso kwa kiganja, mara mbili. Kisha akasimama akawageukia watu.

"Nendeni makwenu!" akapaza sauti. "Hatuziki leo. Amekataa, mbishi huyu amekataa hata kufa!"

Mfumwa aliagiza deraya arobaini, zote zenye ukingo. Wavamizi walikuja baada ya mavuno, wakasimama mbali kama kawaida yao, wakapiga mpaka podo zikaisha. Sitasema hakuna aliyeumia. Wawili walipigwa mikononi, mmoja pajani. Lakini wote arobaini walirudi mlimani kwa miguu yao, na mvamizi asiye na mshale hana la kungojea.

Jioni ya ile siku ya majaribio, Kisaka aliiweka deraya juu ya fuawe. Mshale wa tatu ulikuwa umeacha kibonyeo, kikubwa kama kifuniko cha kibuyu. Akainua nyundo ili akinyooshe. Namkunda akamshika mkono.

"Kiache."

"Kinaharibu sura, Mama Nakiete."

"Najua. Kiache. Kila nitakapokiona, nitakumbuka kwamba jioni hii nilipakua sahani mbili, si moja."

Kisaka akaishusha nyundo.

Ndiyo maana, wahenga wa mlima ule husema, kwao hakuna aliyevaa deraya isiyo na kibonyeo. Ile laini iliyong'aa waliitazama tu, wakauliza: hii nani amesimama ndani yake?

Funzo nalisema wazi, msije mkadai nimewaficha. Ukifanya kazi ikasifiwa na wote, mtafute yule mmoja anayekutazama wewe zaidi kuliko anavyoitazama kazi, kisha umsikilize siku hiyo hiyo, na si kesho yake uwanjani.

Mimi nimekitoa kisa kifuani, ninyi mmekipokea masikioni. Atakayekiongeza aongeze chumvi, asiongeze maji. Sasa inukeni mkanawe miguu, chakula kiko tayari.