Mvinyo Alioumeza Malogo

Dodoma nzima ilijua kwamba Malogo, mwenye hoteli, ni fundi wa kuonja mvinyo. Kila Jumamosi aliwaalika wakubwa wenzake, akawafungulia chupa za Italia, Ureno na Afrika Kusini, huku mpishi wake, Mbeleje, akiwaletea mbuzi choma na mlenda. Malogo alisukutua kila mvinyo, kisha akautema kwenye ndoo miguuni pake.

"Mjuzi hamezi," alisema. "Wanaomeza ni walevi."

Jumamosi moja Mbeleje alithubutu kusema kwamba hata zabibu za kwao hutoa mvinyo mzuri. Malogo alicheka mpaka akapaliwa.

"Wewe na mvinyo wapi na wapi? Haya, niletee mmoja tu nitakaousifu. Ukishindwa, kesho usije kazini."

"Na ukiusifu, bosi?"

"Ufunguo wa stoo ya mvinyo ni wako. Wageni hawa mashahidi."

Mbeleje akaondoa vyombo vyote, akaingia jikoni. Alirudi na glasi moja.

Malogo alinusa, akasukutua, akafumba macho. Safari hii alimeza.

"Huu una mambo," alisema. "Naisikia Italia, naisikia Ureno kwa mbali. Halafu una ladha ya mbuzi choma, na unateleza kooni kama mlenda. Umetoka wapi?"

Mbeleje alipokea ufunguo kwanza.

"Hapa hapa, bosi."

Wageni wakasogeza glasi zao, nao wanataka.

"Umekwisha," alisema Mbeleje, akiirudisha ndoo tupu miguuni pa Malogo. "Lakini mkisubiri kidogo, bosi atatema mwingine."