Kwa Nini Pembe ya Vita Hutunzwa kwa Jirani

Kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, kila kijiji cha milima hii kiliweka pembe yake ya vita kwake chenyewe. Tena vijiji vilikuwa vimelishana viapo: pembe ya rafiki ikilia, chukua upinde uende, usiulize.

Wakati huo mfereji mmoja ulinywesha mashamba ya vijiji vya Mbaghai na Ikongwe. Asubuhi moja Kajiru wa Mbaghai alikuta maji yamegeuzwa kabla zamu yake haijaisha. Aliyeyageuza alikuwa Senzighe wa Ikongwe. Wakatukanana, wakaangushana matopeni. Ndugu za Kajiru wakapuliza pembe. Ikongwe nao wakapuliza yao. Wakaja marafiki wa huku, wakaja marafiki wa kule, na marafiki wa marafiki. Siku ya nne milima saba ilikuwa vitani, na wengi hawajapata hata kuuona mfereji wenyewe.

Kwenye mlima wa saba aliishi mjane aitwaye Nakijwa. Walipomletea mwili wa mwanawe, aliwauliza waliombeba, "Amefia nini?"

"Tuliitwa, mama."

"Na nani?"

"Na watu wa mlima wa sita."

Nakijwa akamzika mwanawe, akashika fimbo, akaenda mlima wa sita. Nao wakasema waliitwa na wa tano. Kila alikofika aliuliza lile lile, na kila mahali walimwelekeza mbele, hadi akafika mferejini. Hapo aliwakuta wanaume wawili wamezama matopeni hadi magotini, wakipokezana jembe kuziba ukingo uliobomoka. Walikuwa Kajiru na Senzighe.

"Si ninyi mnaopigana?" akauliza.

"Sisi tulipatana siku ya pili, mama," Kajiru akajibu. "Maji yalikuwa yanapotea bure."

"Mkamwambia nani?"

Wakatazamana.

Nakijwa akaketi ukingoni, akalia kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe. Kisha akawashika mikono wote wawili, akawapitisha mlima kwa mlima, watu wawaone kwa macho yao. Vita vikazimika. Ndipo akadai pembe zote, na hakuna aliyethubutu kumnyima, akakipa kila kijiji pembe ya jirani yake.

Na tangu siku hiyo, pembe ya Mbaghai hutunzwa Ikongwe, na ya Ikongwe hutunzwa Mbaghai. Anayetaka kuita vita sharti kwanza apige hodi kwa yule anayemchukia, aombe pembe yake, naye mwenye nyumba atamuuliza, "Ya nini?"