Barua ya Mtalika na Kaburi Lake

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitika kwa uchovu, nimesikia. Si neno. Hadithi yenyewe ni ya watu waliochoka. Elimu yangu ni ya chuoni, juzuu chache na kuandika jina. Nikikosea mahali Mungu anisamehe, nanyi mnisahihishe.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na vita. Vita vya kudai uhuru. Vilichosha watu. Vikachosha mbuzi. Vikachosha hata njia, maana mchana ilikanyagwa na buti, na usiku ikakanyagwa na miguu mitupu.

Katika kijiji hicho alikaa mama mmoja mjane, Biti Msusa, na wanawe wawili. Mkubwa Mtalika, mdogo Kalanje. Mtalika aliingia msituni kupigana. Kalanje akabaki na mama.

Basi askari wa serikali wakawa wanakuja kwa Biti Msusa. Tapu, tapu, tapu.

"Mtalika yuko wapi?"

"Sijui, bwana."

Pa! Kofi. Wanaondoka. Tapu, tapu, tapu.

Wanarudi. "Mtalika yuko wapi?"

"Sijui, bwana."

Pa! Jino linaanguka. Wanaondoka.

Mwisho bwana mkubwa wao akasema, "Nikirudi hapa nioneshwe Mtalika. La sivyo nyumba naichoma, na huyu mdogo namchukua." Akaondoka. Tapu, tapu, tapu.

Habari zikafika msituni. Haukupita muda, mrina asali akampa Kalanje kibuyu. Chini ya kibuyu, karatasi imegandishwa kwa nta. Kalanje akaisoma peke yake nyuma ya nyumba.

"Kwako mdogo wangu Kalanje. Salamu sana. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu. Baada ya salamu, neno ni hili. Nimesikia wanampiga mama kwa ajili yangu. Mimi huku risasi siiogopi tena, lakini hilo siliwezi. Waambie nimekufa. Wekeni matanga, watu walie, askari waone. Nikishakufa mtapumzika. Msalimie mama, ila usimwambie ninavyokonda. Ni mimi kaka yako, Mtalika."

Kalanje akakunja barua, akaenda kwa Mzee Liganga.

Mzee Liganga ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa kijiji. Mtu mfupi, mikono imekauka kwa maji. Tangu azaliwe hakuna aliyemsikia akidanganya. Ukimkaribisha chakula ukamwuliza kama ni kitamu, na si kitamu, anakwambia si kitamu. Ndiyo maana wanawake walimheshimu sana na hawakumwalika.

Kalanje akamkuta ukingoni mwa mto. Mbele yake maiti, imetolewa kwenye matete. Imevaa kaptula ya askari na buti. Watu wamesimama mbali, wameziba pua.

"Mrudishe majini, mzee," mmoja akasema. "Huyo ni wa walewale."

"Hata dini yake hatuijui," akasema mwingine.

"Itajulikana huko anakokwenda," Mzee Liganga akajibu. "Nani atanimwagia maji?"

Mmoja akajikuna. Mwingine akakumbuka mbuzi wake, akaondoka.

Kalanje akasogea. "Mzee, nina shida kubwa."

"Naiona usoni. Shika kata kwanza. Mwaga."

Kalanje akashika kata. Mkono wake hautaki. Akamwaga. Shwaa. Mzee akaosha kichwa. Shwaa. Akaosha kifua. Pale pale, huku akimwaga, Kalanje akaeleza habari ya barua, kwa sauti ndogo.

Mzee akaendelea na kazi mpaka sanda ikafungwa. Kisha akasema, "Kaka yako anataka nimlilie mtu aliye hai. Hilo siwezi, mwanangu. Nimeosha wengi. Kumwita mtu marehemu na yeye anapumua, ulimi wangu haupitishi."

"Basi watatuchoma."

"Sijamaliza. Huyu hapa amekufa kweli, na hana wa kumlilia. Kaka yako anataka matanga, na huyu hana matanga. Buti na kaptula zifunge kwenye jiwe uzizamishe. Huyu tumpeleke kwenu."

Wakamzika nyuma ya nyumba ya Biti Msusa. Mama, alipoambiwa, akakataa kulia.

"Nikilia nitamwita mwanangu kaburini," akasema.

"Usimlilie wako, Biti Msusa," Mzee Liganga akamwambia. "Mlilie wa mwenzio. Huko alikotoka yuko mama anaangalia njia, na hajui."

Biti Msusa akatazama udongo mbichi. Akakaa chini. Akalia. Wanawake wakaja, na kila mmoja alikuwa na wake ambaye vita havikumpa nafasi ya kumlilia. Wakalia wote. Hakuna aliyeigiza.

Tapu, tapu, tapu.

Bwana mkubwa akaja nyuma ya nyumba, akasimama. "Kafa nani hapa?"

Mzee Liganga akanyanyuka. Akamwonesha Kalanje kwa kidole. "Ndugu yake huyu."

"Apa."

"Wallahi, aliyelala humu ni ndugu wa huyu kijana."

"Nitafukua."

"Jembe lile pale. Mimi ndiye niliyemwosha. Alikaa majini, na jua unalijua. Harufu utaipata kabla ya uso."

Bwana mkubwa akawatazama askari wake. Askari wakatazama miguu yao. Nao walikuwa wamechoka. Mzee akainua mikono, akaomba dua. Mmoja wa askari akajisahau, akainua yake, akasema amina. Hakujua anamwombea mwenzake.

"Twende," akasema bwana mkubwa. "Mtalika kwisha."

Wakaenda. Tapu, tapu. Tapu. Hawakurudi tena kumwuliza Biti Msusa.

Vita vikaendelea, kisha vikaisha. Uhuru ukaja, ngoma zikapigwa, na Mtalika akarudi, anachechemea. Mama akamshika uso kwa mikono miwili. Mtalika akala, akalala, akaamka, akazunguka nyuma ya nyumba.

"Kalanje, hili ndilo kaburi langu?"

"Ndilo."

"Mlizika gogo la mgomba humu?"

Kalanje angeweza kucheka akapita. Hakupita. Akamwambia yote.

Mtalika akabadilika rangi. "Askari? Wale waliomng'oa mama jino? Mkamlaza hapa kwa jina langu?" Akashika jembe. "Anatoka leo."

"Muulize Mzee Liganga kwanza, kaka. Yeye ndiye aliyeapa."

Mtalika akaenda, jembe begani. Akamkuta mzee amelala kitandani, amebaki mifupa na macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa, Mtalika. Nimekungoja."

"Nimekuja kukwambia namfukua yule mtu."

"Kaa kwanza. Nilisema nini siku ile? Nilisema ni ndugu yenu. Nikamtaja na Mungu. Kalanje alimmwagia maji kwa mkono wake, upande wake wa udugu ulitimia. Mama yako alimlilia, upande wake ulitimia. Umebaki wewe. Ukimfukua, mimi nilisema uongo. Na mimi mwanangu siko mbali na kuulizwa. Tafadhali usinifanye mwongo."

Mtalika akakaa. Jembe likateleza begani likalala sakafuni.

"Mzee, nimechoka."

"Najua."

"Sina nguvu ya kumpenda yule."

"Nani amekuomba umpende? Palilia tu. Majani yamekuwa mengi."

Mtalika akarudi nyumbani na jembe. Kalanje akasimama mbali, anaogopa. Akaona jembe linainuliwa, linashuka. Cha, cha. Linakata majani. Cha, cha, cha. Kaburi likabaki safi.

Mtalika akajifuta jasho. "Alikuwa na kimo gani?"

"Kama wewe," Kalanje akasema. "Tulipomlaza, miguu ilifika pale pale ambapo yako ingefika."

Mtalika akachuchumaa, akainua mikono, akamwombea.

Siku Mzee Liganga alipofariki, Mtalika ndiye aliyeshika kata, akamwaga maji. Na lile kaburi, kwa kuwa hakuna aliyejua jina la mwenyewe, watoto wa kijiji wakiuliza ni la nani, waliambiwa, "La ndugu yake Mtalika."

Mafunzo yake ni haya, nami najisemea kwanza kabla yenu, maana neno ndugu nalitamka kutwa, kwa muuza chumvi, kwa nisiyemjua jina, na mara nyingi halinitoki moyoni. Neno hilo ni kiapo. Ukishalisema, kuna siku utaletewa jembe uchague la kufanya nalo.

Hadithi yangu naitua hapa, kama mtu anayetua mzigo. Mwenye nguvu aichukue. Mwenye kuchoka alale, Mungu atuamshe salama.