Kuku Aliyeshukuru kwa Jumla

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu. Elinami, weka hiyo simu chini, mimi sisimulii hadithi kwa utosi wa mtu. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kuku na watu walipokuwa wakisikilizana lugha na kusali kanisa moja, kulikuwa na mjane akiitwa Bibi Persisi. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mbuzi. Alikuwa na kuku mmoja tu, koo mwenye vifaranga saba. Bibi huyu alikuwa mtu wa shukrani. Akila kiazi, anashukuru. Akinywa uji, anashukuru. Mvua ikimnyeshea njiani, anashukuru, mpaka majirani wakawa wanamcheka.

Koo akajifunza kwake. Alichovya mdomo kwenye kigae cha maji, akainua kichwa juu, akasema:

"Asante Bwana kwa tone hili."

Anachovya tena, anainua tena. Tone kwa tone, kiangazi na masika. Na vifaranga nao, wote saba, vishingo juu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Koo mwenyewe hakulijua. Juu ya ua ule alikuwa akizunguka Mwewe. Kila akitaka kushuka, anakuta jicho la Koo limeshainuka. Koo anapiga kelele, vifaranga wanakimbilia chini ya mbawa zake, Mwewe anarudi na njaa yake.

"Ua gani huu!" akalalamika Mwewe. "Nikija asubuhi, jicho. Nikija mchana, jicho. Nikija jioni, jicho!"

Koo alidhani anamwona kwa bahati tu.

Siku moja akaja Kunguru kutoka barabarani, koti jeusi, kizibao cheupe. Alikuwa mchuuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alitembeza haswa! Akatandaza bidhaa zake juu ya kichuguu, akamwangalia Koo anavyokunywa, akacheka hadi akakohoa.

"Mama wee, hiyo shingo haikuumi?"

"Namshukuru Mungu."

"Kwa kila tone? Bata wa jirani kamaliza nusu ya kigae, wewe bado uko kwenye asante! Sisi wa barabarani tunashukuru kwa jumla. Si kuna Sikukuu ya Mavuno? Siku hiyo unatoa asante moja kubwa, ya mwaka mzima, basi. Muda unaobaki unaokota mtama, unakuja kununua vitu."

"Vitu gani?"

"Ah! Hapo umeuliza."

Akamtolea kizibo cha soda. Koo akalipa mtama, akakivaa kama kofia. Kweli alipendeza, tusimwonee. Lakini kila akiinua kichwa, kofia inadondoka. Akaona bora asiinue sana.

Bibi Persisi akamuuliza, "Koo mwanangu, umeshukuru?"

"Nitashukuru kwa jumla, Bibi, siku ya Mavuno."

Siku ya tatu kivuli kikapita uani. Kifaranga mmoja hayupo.

Koo akalia kutwa. Kunguru akaja kumpa pole, na pole ya mchuuzi mnaijua. "Pole sana, mama. Huzuni haina dawa ila kitu kipya." Akamtolea ukanda wa karatasi ya kung'aa. Koo akalipa mtama, akauzungusha shingoni mara tatu. Ukanda ulikuwa mgumu, shingo haikuweza tena kupinda nyuma.

"Koo mwanangu, umeshukuru?"

"Nitashukuru kwa jumla, Bibi, siku ya Mavuno."

Kivuli kikapita. Vifaranga wengine wawili hawapo.

Kunguru huyo tena! "Pole sana, mama. Huzuni haina dawa ila kitu kipya." Safari hii alileta kipande cha kioo, akakilaza ndani ya kigae cha maji. Koo akachungulia. Akaona kofia, akaona ukanda, akajiona mwenyewe. Alitoa mtama wote uliobaki, hata ule wa watoto.

"Koo mwanangu, umeshukuru?"

Koo akazidi kuinama juu ya kigae. Alikuwa anajitazama.

Jumatatu Mwewe akachukua mmoja. Jumanne akachukua mmoja. Jumatano akachukua mmoja. Kila mara Koo aliinama juu ya kigae akalia, na katikati ya kilio akaona kofia imekaa upande, akaitengeneza. Nawaambieni naona uchungu kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akabaki kifaranga mmoja, mdogo kuliko wote, mwenye doa jeusi mgongoni. Alhamisi alisimama kando ya mama yake, mama anajitazama kiooni. Mara Koo akaona ndani ya kioo, juu ya kichwa chake mwenyewe, mbawa nyeusi zinakua, zinakua, zinakua. Akafurahi.

"Kunguru! Leo umeleta nini?"

Hakuwa Kunguru.

Siku ya Mavuno ikafika. Watu wakapanda kanisani na ndizi, na maboga, na mahindi mabichi. Bibi Persisi alibeba kiazi chake kimoja. Koo akapita mbele ya madhabahu, kofia kichwani, ukanda shingoni, kutoa asante ya mwaka mzima.

"Asante Bwana kwa..."

Watu wakainama mbele wamsikie.

"Asante Bwana kwa..."

Mtoto mmoja akakohoa.

"Asante Bwana kwa..."

Akageuka, akatoka nje. Bibi Persisi akamfuata, akamkuta chini ya ukuta wa kanisa.

"Bibi, Mungu amenipokonya wanangu kwa sababu sikushukuru?"

"Usiseme hivyo, mwanangu. Mungu si Mwewe." Bibi akamfungua ukanda taratibu. "Alikupa shingo tu. Nilikuwa naiona inavyowalinda wale watoto, nikadhani na wewe unaona. Ningekwambia wazi. Nisamehe."

Wakalia wote wawili, na ndani watu wakaendelea kuimba.

Jioni Koo akatupa kofia, akatoa kioo kwenye kigae, akachovya mdomo. Akainua kichwa, juu kabisa, kama zamani. Akafungua mdomo aseme yale maneno. Hayakuja. Jicho lilikuwa limeshaanza kutafuta angani, huku na huku, kama kuna mbawa. Akachovya tena, akainua, akatafuta. Akachovya tena, akainua, akatafuta. Na hakukuwa na kifaranga wa kumlinda.

Ndiyo maana hadi leo kuku akinywa maji huinua kichwa kila tone. Wachungaji watawaambieni anashukuru. Huenda. Mimi nimewatazama kuku miaka mingi, na jicho lile silioni likishukuru. Naona linatafuta, na limechelewa.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye kigae cha maji. Elinami, ulikuwa unanisikiliza, au umerudi kwenye simu yako?